Dakika Ishirini hadi Jomsom

Alhamisi, 6 Juni 2013

Domina kafika Nepal salama, yeye na wauguzi wenzake. Jumamosi saa moja asubuhi, kwa saa za kule, wanapanda kindege kutoka Pokhara kwenda Jomsom, kwenye zahanati ya milimani. Katutumia namba ya simu, mimi na Shadrack. Kasema atakayekuwa wa kwanza kumpata akishatua ndiye atakayempokea uwanja wa ndege wa Pearson akirudi. Alikuwa anacheka. Mimi sicheki! Miaka miwili nampeleka kazini kwa teksi yangu, na neno la ndoa nimepanga kulitoa pale pale, kati ya mlango wa wasafiri na maegesho.

Ijumaa, 7 Juni, mchana

Hesabu. Pokhara–Jomsom: kilomita sabini hivi, kama hapa hadi Hamilton. Kindege, 210 kwa saa. Dakika ishirini! Shadrack, na shahada zake mbili, akabisha kuwa ni saa nzima kwa sababu ya milima. Nikamuuliza kama ndege huipanda kwa miguu. Nikamwandikia hesabu kwenye risiti ya petroli. Akaitia mfukoni.

Tatizo moja tu. Kompyuta ya maktaba inadai Nepal wako mbele yetu saa tisa na dakika arobaini na tano. Nusu saa ya Newfoundland nimeivumilia. Robo saa? Mtu kakosea kuandika. Nimesahihisha: kumi kamili. Basi anatua leo saa tatu na dakika ishirini usiku, saa zetu.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu. Nilipiga saa tatu na dakika ishirini barabara. Imezimwa. Mara sita, imezimwa! Ndege ya dakika ishirini ikichelewa dakika kumi, mwenye hesabu anajua: mlima. Nikakimbilia kwa Mama Elinaza, ghorofa ya tisa, ambako jumuiya ilikuwa inamaliza rozari. Wakaianza upya. Watu kumi na saba magotini, na Faudhia, jirani, kaja kutuongezea dua. Kwenye fumbo la tatu akaingia Shadrack, meno nje, akauliza nani kafariki. Domina, nikamjibu kwa kwikwi. Akasema ajabu hiyo, maana kaongea naye saa tatu na dakika thelathini na tano, ndiyo kwanza anashuka.

Mama Elinaza sasa ananiita Baba Robo Saa.

Na zile dakika ishirini zilikuwa zangu! Mwizi wa risiti!

Jumapili, 9 Juni

Domina kapiga. Kanipigia mimi! Kasema kacheka mpaka pumzi ikamwishia, na kule juu pumzi ni chache. Kasema wanaume wa kumpigia simu wapo, wa kulipigisha magoti jengo zima hajawahi kumwona. Ila ahadi ni ahadi: Shadrack atampokea. Kwa kuwa Shadrack hana gari, nitawaendesha mimi.

Shadrack atakaa nyuma, na masanduku.

Domina kasisitiza pia kuwa ile robo saa ni ya kweli. Maskini, hata yeye wamemdanganya. Ijumaa ya tarehe 21 anarudi Pokhara kwa kindege kile kile, dakika zile zile ishirini. Nitampigia akitua. Nimeshaandika ukutani: tofauti, saa kumi kamili.