Milango Yangu Haijampiga Mtu

Kwako Daktari Mkuu wa Zahanati yetu,

Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili. Anayeumwa ni jina langu, na ugonjwa limeupata kwenye zahanati yako.

KUHUSU: MILANGO YANGU KUPAKWA MATOPE NA WATUMISHI WAKO WALIOTOKA MAFUNZONI

Mimi ni seremala. Karakana yangu inatazamana na geti lako, ile yenye mbao zilizoegemezwa ukutani na redio isiyozimwa. Watu huniita Fundi Bawaba. Milango mingi ya mtaa huu imetoka mikononi mwangu, pamoja na ule wa chumba kidogo kilicho karibu na dirisha lenu la dawa. Wewe mwenyewe uliagiza uwe mzito, kiasi kwamba aliye nje asisikie neno la aliye ndani. Nilidhani mnataka kuhifadhi dawa za bei. Sikujua kwamba natengeneza mlango wa kuisengenya milango mingine.

Daktari, zamani zahanati yako ilikuwa na amani. Mwanamke alikuja na jicho limevimba, akasema amejigonga mlangoni, akaambiwa pole, akapakwa dawa, akaitwa anayefuata. Mwingine alikuja akisema halali, moyo unamwenda mbio, amesahau chungu motoni mpaka nyumba ikajaa moshi. Huyo alipewa vidonge vya usingizi na kushauriwa apunguze mawazo. Na kama alisindikizwa na mumewe, daktari alimwuliza mume, mume akaeleza mkewe anaumwa wapi, na foleni ikasonga.

Kisha mkawapeleka watumishi wenu mafunzoni. Sijui aliyewafundisha ni nani, ila walirudi wakiwa watu wengine. Siku hizi mwanamke akitamka tu neno mlango, yule muuguzi wenu tunayemwita Sista Mkubwa anaweka kalamu chini, anaingia naye kwenye kile chumba na kufunga. Aliyemsindikiza anaachwa kwenye benchi, hata kama ndiye aliyetoa mahari. Kwa sababu hiyo nimeona nisikae kimya, na malalamiko yangu ni haya:

1. Lile bango. Mmebandika ukutani picha ya mlango, na chini yake mmeandika: MLANGO HAUNA NGUMI. TUAMBIE. Maneno hayo nayaunga mkono kwa mikono miwili. Ugomvi wangu ni picha. Mlango uliochorwa una paneli nne na ua katikati, nakshi ambayo hakuna fundi mwingine anayeichonga hapa mtaani. Mtu yeyote anayesubiri kuchomwa sindano anautazama mlango wangu na kufikiria mambo mabaya. Mwezi uliopita kijana mmoja anayetarajia kuoa alikuja kuniagiza mlango wa chumbani. Mama mkwe wake mtarajiwa aliposikia, alimwita pembeni na kumwuliza mlango ni wa nini hasa. Kijana amenunua pazia.

2. Dhamana yangu ya kazi. Mimi si fundi wa kukwepa lawama. Niliposikia mara ya kwanza kwamba mke wa fundi saa, jirani yangu, amejeruhiwa na mlango nilioutengeneza mimi, sikulala. Asubuhi nilibeba randa na msasa nikaenda kwake, nikaziviringa kingo zote mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Haikupita muda mrefu, mlango ukampiga tena. Nikarudi nikageuza bawaba ili ufungukie nje. Ukampiga bado. Basi nikasema potelea mbali, nikaung'oa wote nikauleta karakana kuupaka vanishi upya, na pale mlangoni kwao pakabaki patupu.

Daktari, wiki ile ile yule mama alikuja kwenu na mkono umevilia damu, akasema ni mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa kwangu! Uliegemea ukuta, vanishi mbichi, hata nzi alinasa juu yake. Nina mashahidi, akiwamo mteja aliyeugusa na kuchafua shati lake. Nilivuka barabara haraka nikamweleza Sista Mkubwa kwamba niko tayari kula kiapo kwa niaba ya mlango huo. Akaniuliza kama si mlango, basi mimi nadhani ni nini. Nikamjibu kwamba mimi ni seremala, mambo ya ndani ya nyumba za watu hayanihusu. Akaniambia nimekaribia sana kufika, nisirudi nyuma. Sikumwelewa, nikarudi karakana.

3. Tabia za milango. Kwa kuwa mafunzo yenu yalifanyika bila kumwalika seremala, naomba niwasaidie. Mlango ni kitu kinyoofu. Ukikupiga, utakupiga kwenye paji la uso, pua, goti, au utakibana kidole chako ukatukana. Haujui kumshika mtu juu ya kiwiko na kumwachia alama nne upande mmoja na moja upande wa pili. Haujui kuvuta nywele. Haumsubiri mtu arudi nyumbani akiwa amekasirishwa na mambo ya kazini. Tena wanaume wengi wa mtaa huu ni warefu kuliko wake zao, na wengine huinama kupita. Kama milango yangu ingekuwa na ubaya, wao ndio wangekuwa wa kwanza kupasuka vipaji vya uso. Mpaka leo sijasikia mwanamume hata mmoja aliyekuja kwenu akilia kwamba amepigwa na mlango. Mlango gani huu unaochagua wa kumpiga?

Sisemi ni nini kinachowapiga. Nasema tu si mbao.

4. Kunyamaza kazini. Nimepata habari kwamba ndani ya kile chumba Sista Mkubwa huuliza maswali machache ya kawaida. Unalala? Unakula? Unaogopa kurudi nyumbani? Kisha ananyamaza. Ananyamaza, Daktari, na mshahara wa mwisho wa mwezi anapokea! Mimi nikimnyamazia mteja anaenda kwa fundi mwingine. Yule daktari kijana naye, ambaye zamani alikuwa mwepesi sana kuandika dawa za kichwa, siku hizi anamwacha mwanamke alie mpaka amalize, eti machozi nayo ni maelezo. Na wote wawili midomo yao imeshonwa. Nimewauliza mara ngapi wanawake wale wamesema nini kuhusu milango yangu, sijapewa hata neno moja.

Fundi saa ameumizwa sana na jambo hili. Alikuja karakana akalalamika kwamba alikalishwa kwenye benchi akiutazama mlango wangu mpaka akayajua mafundo yote ya mbao, na hakuna aliyemwuliza yeye kuhusu afya ya mkewe. Akaniomba nije kwenu siku moja nijifanye narekebisha kitasa, nitoboe kitundu kidogo usawa wa sikio. Nilikataa. Mlango ule ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na siwezi kuutia tundu kwa ajili ya mtu yeyote. Alinuna, akaondoka bila kuniaga.

Lakini madhara ya kunyamaza huko tumeyaona. Mke wa fundi saa zamani alikuwa mtu mtulivu kabisa. Alipita mbele ya karakana kichwa chini, akazisalimia mbao badala ya kunisalimia mimi. Alikuwa akiongea peke yake njiani, na ukimwita kwa nyuma anaruka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Majirani walisema ana mishipa ya kichwa. Alimeza vidonge vyenu kama karanga na hakumsumbua mtu. Tangu aanze kuingia kwenye chumba hicho, amekuwa wa ajabu. Anapita kichwa juu. Juzi alisimama, akaniamkia, akanisifia redio, akacheka. Kisha akaniambia anataka arudishiwe mlango wake, ila nimpelekee kwa dada yake anakoishi siku hizi, na niutie komeo nene kwa ndani.

5. Makomeo. Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Si yeye peke yake. Kila mwanamke anayetoka kwenye chumba chenu anataka komeo la ndani. Mimi makomeo sitengenezi, huyauza mwenye duka la vifaa, na huyo amenenepa tangu mafunzo yenu yaanze. Ananisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida. Mafunzo gani haya yanayomnufaisha muuza vyuma na kumwacha seremala anang'aa macho?

6. Nyumbani kwangu. Barua hii nilimsomea mama watoto ili anisaidie kupima ukali wake. Kwenye kipengele cha kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Kwenye cha pili aliacha kucheka. Kwenye cha tatu akaniuliza kama huwa nayasikiliza maneno yanayonitoka mdomoni. Nikamwambia nisingeyasikiliza ningeyaandikaje. Akaenda zake jikoni. Ninyi ndio mliompandikiza tabia hiyo, kwa sababu naye alikuja kupimwa presha akaulizwa kama analala.

Kwa hiyo, Daktari, mimi si mtu wa kulalamika bila kupendekeza. Naomba yafuatayo.

Kwanza, picha ya mlango iondolewe kwenye bango, ichorwe ngazi. Ngazi hujengwa na mwashi, na mwashi wa mtaa huu ana majivuno, hatadhurika sana.

Pili, wanawake waliopo kwenye foleni wafundishwe kwa upole kwamba, wakipatwa na lolote, waseme wameteleza kwenye ngazi. Ni neno fupi, linaeleweka, na halimharibii fundi mwaminifu soko lake. Kabati wasilitaje, kwa sababu makabati pia natengeneza.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kile chumba kifungwe. Mrudie utaratibu wa zamani wa pole na dawa ya kupaka. Mimi nishughulike na mbao, ninyi mshughulike na majeraha, na mambo ya ndani yabaki ndani kwa wenyewe. Mtaa huu ulikuwa umetulia kabisa kabla ninyi hamjaanza kuuliza. Mlango niliowatengenezea nitaununua tena kwa bei ile ile, na kuubeba nitaubeba mwenyewe.

Nisalimie Sista Mkubwa, pamoja na tofauti zetu. Nisalimie daktari kijana, mwambie viatu vyake ni vizuri. Nisalimie mlinzi wa geti, mama wa usafi anayefuta milango yangu kwa kitambaa kikavu kama inavyotakiwa, na wagonjwa wote, kila mmoja na ugonjwa wake. Nakutakia kazi njema na foleni fupi.

Wako katika ujenzi wa mtaa,

Fundi Bawaba
(Seremala, ng'ambo ya barabara)

Nyongeza:

Barua hii nilikuwa nimeshaikunja. Nilipokuwa natafuta bahasha, binti yetu aliingia. Ni mtoto wetu wa pekee wa kike, aliyeolewa mwaka jana. Amevaa miwani ya jua, na nje mvua inanyesha. Mama yake alimvua miwani taratibu, nami nikaona. Tulimwuliza kimetokea nini, akasema ameteleza kwenye ngazi.

Daktari, nyumba ile naijua. Milango yote niliipachika mimi. Imejengwa chini, sawa kama meza, haina ngazi hata moja. Hata kizingiti cha mlango wa mbele nilikiondoa mwenyewe siku anahamia, ili mwanangu asije akajikwaa.

Tafadhali yachane maombi yangu yote matatu. Chumba msikifunge. Kesho asubuhi tunakuja naye, mimi na mama yake, na nitakaa kwenye benchi bila kumsumbua mtu. Mama yake anasema mtoto hajala vizuri tangu wiki iliyopita na mikono inamtetemeka akishika kikombe, hilo pia mlisikilize.

Namwomba Sista Mkubwa akae naye yeye mwenyewe. Mimi baba yake nilijaribu. Nilikuwa nimekusudia kumwuliza kwa upole, lakini swali la kwanza lililonitoka lilikuwa amemkosea nini mumewe. Alivaa tena miwani yake.