Nilivyomwita Somoe Harusini Ruangwa

Nimedhalilika leo. Tena nimedhalilika kwa spika mbili kubwa, mchana kweupe, mbele ya watu wa Ruangwa wanaonijua tangu nikiwa na nywele.

Ngojeni nieleze kwa utaratibu.

Kwa mliomo humu kwenye kundi ambao hamnijui kwa kazi ya muziki: zamani mimi nilikuwa mwimbaji. Bendi yetu ya hapa Nachingwea iliitwa Nyota Nane kwa sababu tulikuwa wanane. Tumebaki watatu. (Jina hatujabadilisha. Tukijiita Nyota Tatu watu watadhani tumefungua gesti.) Nipo mimi, Sele, wa sauti. Yupo Bushiri wa ngoma, ambaye sikio lake la kushoto lilishastaafu. Na yupo Chande wa gitaa la solo, rafiki yangu wa miaka yote.

Chande alifiwa na mkewe, Somoe, miezi mitatu iliyopita. Tangu hapo hatoki. Anaswalia nyumbani. Mikorosho yake imezidiwa na majani. Ukienda kumtembelea anakukaribisha vizuri, anakupa kiti, halafu mnakaa kimya mpaka unaaga. Niliogopa, jamani. Niliona kabisa tunakwenda kumzika na yeye.

Basi kuna mjomba mmoja wa Ruangwa akanipigia simu. Anamwoza mpwa wake, na anataka Nyota Nane waje wapige nyimbo za zamani. Nikasema moyoni, hii ndiyo njia ya kumtoa Chande ndani. Mjomba akaweka sharti moja tu: "Ule wimbo wa majina lazima uwepo. Bila ule msije."

Wimbo wa majina ndio uliotufanya tujulikane. (Nyimbo nyingine zote tulizotunga, watu walikuwa wanazivumilia huku wakiungoja ule.) Ukifika katikati, magitaa yanashuka chini, mimi naanza kuwaita mashabiki wetu mmoja mmoja, jina, kijiji na utani kidogo, na ukumbi mzima unajibu, "Yupo!" Majina kumi na mawili. La nane ni Somoe wa Marambo. Wakati huo alikuwa bado binti, na Chande ndiye aliyeniomba nimtie humo ili binti amtambue yeye. Akamtambua, wakaoana mwaka uleule. Nikishamwita Somoe, ukumbi unajibu, na hapohapo solo ya Chande inaingia. Ndivyo ulivyo wimbo.

Chande alikubali kuja. Ila alinishika mkono akaniambia, "Sele, jina lake liruke. Ukilitaja mimi sitaweza."

"Nitaliruka," nikasema. "Wallahi."

Sasa kuna jambo inabidi mlijue. Yale majina nimeyashika kama mtoto wa madrasa anavyoshika sura. Siwezi kuanzia katikati. Ukinikatiza, narudi mwanzo. Kwa hiyo nikayaandika kwenye karatasi, kumi na moja, Somoe hayumo. Tukafanya mazoezi wiki mbili barazani kwa Chande, mimi nasoma, yeye anapiga. Mambo safi. Siku moja hata alicheka, Bushiri alipomaliza wimbo peke yake wakati sisi tulishanyamaza kitambo.

Leo saa nne pikapu ya mjomba ikatufuata. Chande alikuwa ameshatoka nje, amekaa kibarazani, gitaa mapajani, shati limepigwa pasi. Alilipiga mwenyewe. Kwenye kola palikuwa na alama ya kuungua.

Tulipofika Ruangwa ndoa ilikuwa imeshafungwa, turubai limejaa, pilau linanukia. Nyimbo mbili za kwanza zilipita. Vijana walikuwa kwenye simu zao, wazee wanatikisa vichwa kwa heshima. (Shati langu la sare lilikuwa limefunga vifungo viwili tu. Na hivyo viwili navyo vilikuwa vinaomba msamaha.) Lakini vidole vya Chande vilianza kulegea. Akainua uso. Nikamwona anamtazama mtoto mmoja anayecheza, anatabasamu kidogo. Nikasema alhamdulillahi, nimempata.

Tukaingia wimbo wa majina.

Jamani, turubai lililipuka! Bibi wawili waliokuwa wanaongozwa kwa mkono wakaja mbele wenyewe. Mjomba akavua koti. Watu wanapiga kelele, "Majina! Majina!" Na mimi, mwenye miaka sitini na minne, wajukuu saba na kisukari, kichwa kikavimba. Nikaona mwimbaji wa kweli hasomi kwenye karatasi. Nikaikunja, nikaitia mfukoni. (Nitukaneni. Nimekaa tayari.)

"Bakari wa Lionja, fundi cherehani! Suruali yangu iko wapi?"

"Yupo!"

Mwanawe Bakari alikuwa pale. Alicheka, kisha akajifunika uso kwa kofia. Bakari tulimzika zamani. Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwenye mazoezi yalikuwa majina tu.

"Likwata wa Kiegei, mwenye baiskeli ya kengele mbili!"

"Yupo!" Safari hii sauti zilipungua.

Nikaendelea. Kila jina likiitwa, kuna mtu anainamisha kichwa. Jina la tano, bibi mmoja akakaa chini kwenye mkeka na kuanza kulia waziwazi. Aliyekuwa anajibu kwa nguvu zote alikuwa mmoja tu: mzee Msukuma, mfugaji, aliyehamia huku na ng'ombe zake juzijuzi. Ni jirani wa mjomba. Hamjui yeyote kati ya hao. Anacheza na fimbo yake juu, anajibu "Yupo! Yupo!", amefurahi kuliko bwana harusi.

Jina la saba likapita. Mdomo ukafika kwenye la nane. Nikaufunga.

Nikalitafuta la tisa. Halipo. La tisa linakaa nyuma ya la nane, mlango ni huohuo mmoja. Ngoma inakwenda, Chande ananitazama. Ningeingiza mkono mfukoni tu! Lakini mtu akishababaika hakumbuki hata kwamba ana mfuko. Nikafanya kile nilichokizoea. Nikarudi mwanzo.

"Bakari wa Lionja, fundi cherehani!"

Ndiyo. Nikaanza kuwaita marehemu wote kwa mara ya pili.

"Eti kaka," yule bibi wa kwenye mkeka akapaza sauti, "si waache wapumzike!"

Na mzee Msukuma naye, kwa nia njema kabisa, akamuuliza mjomba kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Hawa wanaoitwa mbona hawaji mbele? Wanaona haya?"

Mimi jasho linatiririka, Bushiri anaongeza mwendo kwa sababu hasikii, majina yanatoka mbiombio, la tano, la sita, la saba, na mdomo ukapita moja kwa moja.

"Somoe wa Marambo! Umejificha wapi? Njoo tukuone!"

Watu wa Ruangwa wote pale wanamjua Somoe, na wengi wao walikuja kuzika. Hakuna aliyejibu.

"Yupo!" akaitikia mzee Msukuma.

Hapo ndipo solo inapoingia. Haikuingia. Niligeuka nikamwona Chande amesimama, mkono uko kwenye nyuzi, anatazama kule watu wanakoingilia. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akavua mkanda wa gitaa, akalilaza juu ya kiti taratibu, akapita katikati ya wageni akatoka.

"Chande," nikasema, "ndugu yangu, nisamehe, nimesahau." Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni. Nadhani hata stendi walisikia.

Mshereheshaji akaja mbio. "Tuwapigie makofi wazee wetu, wamechoka!" Hata hatujafika kwenye viti, singeli ikawa imeshawashwa, vijana wote wamesimama. Bushiri akaniuliza, "Tumemaliza vizuri?"

Chande nilimkuta nyuma, jikoni, amekaa kwenye gogo karibu na masufuria. Akina mama wa mapishi walikuwa wamempa maji, wakamwacha. Alikuwa analia bila kujificha. Nikakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yangu nyeupe. Nikamwambia anipige kofi kama anataka.

"Sikupigi," akasema. "Miezi mitatu, Sele, hakuna mtu aliyemtaja jina. Wote wanasema marehemu. Marehemu aliweka wapi funguo. Marehemu hii ilikuwa kanga yake. Hata wanangu. Mimi mwenyewe nasema hivyohivyo."

"Wewe ndiye uliyenikataza."

"Nilikukataza, ndiyo. Nilidhani nitalia tu. Sikujua kama nitasubiri."

Sikumwelewa. Nikamuuliza alikuwa anasubiri nini.

"Ulipomwita, nikasubiri aje. Ndiyo maana sikupiga. Nilisahau kama nina gitaa." Akajipangusa uso na ile kola iliyoungua. "Yule mtu aliyesema yupo, ni nani?"

"Mgeni. Mfugaji. Hajui kitu."

"Nilimwamini," akasema. "Kidogo tu, lakini nilimwamini."

Nikarudi kulichukua gitaa lake pale kwenye kiti, tukapanda pikapu.

Tulipofika kwake hakulichukua gitaa. Nilimkumbusha, akasema nibaki nalo. Nikamuuliza mpaka lini, akasema nibaki nalo tu, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Nimepita tena baada ya magharibi. Ameniitikia salamu akiwa ndani, hakufungua.

Nasikia kuna video imeshaanza kuzunguka, mpaka Lindi imefika. Nichekeni mimi, nimestahili, anzeni hata na vile vifungo. Lakini ikifika pale Chande anapotazama kule watu wanakoingilia, nawaomba, izimeni.