Mwonjaji wa Familia

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Wiki ya tano tangu wanikate tumbo. Kilo kumi na sita zimekwenda, sijui wapi. Mkanda umeishiwa matundu.

Hili ni daftari la pili. La kwanza ni la mtaalamu wa lishe wa Kigali, aliyeniagiza niandike kila kinachopita mdomoni. Leo nimemwandikia: uji, vijiko vinne. Karoti zilizosagwa, vijiko vitano. Maji. Kweli tupu! Lakini hakuuliza kinachopita puani, na habari yenyewe iko huko.

Jioni nilitoka ofisini kule mpakani, ambako natoa mizigo ya watu forodhani, na miguu ikanipeleka yenyewe kwa Vénuste mchoma nyama. Nikaagiza brosheti moja, mshikaki wa mbuzi. Nikaishika. Nikainusa. Dakika arobaini nimekaa nayo kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie. Mafuta yakanitiririkia kidoleni na kidole sikukilamba. Naomba jambo hili likumbukwe.

Vénuste akaja kuuliza kuna nini. "Shefu, nyama iko mubaya? We haukuwaka mutu wa kuangalia brosheti."

Nikamwambia niko kwenye sport. Hivyo ndivyo nilivyoutangazia mji mzima: nilikwenda semina Kigali, nikajifunza kukimbia. Mke wangu Uwimbabazi na binti yangu Akaliza ndio pekee wanaojua. Mwanamume mzima kupasuliwa kwa sababu ya kula! Wangenicheka mpaka Goma.

Brosheti nikampa mlinzi wa duka la jirani. Akaimaliza kwa kung'ata mara nne. Nilihesabu. Njiani nikalia kidogo.

Jumanne, 12 Agosti

Kikao cha familia. Jumamosi ukoo wa Bruce, mchumba wa Akaliza, unashuka kutoka Mudende kuja kumposa. Kazi zikagawanywa. Yangu: kukaa kiti cha mbele na kutazamwa. Ni kazi ya hatari! Baba wa binti akiletewa sahani na asiile, wageni watasema hamtaki mkwe. Nitaifanyaje sahani nzima mimi, mwenye tumbo lililobaki kadiri ya ndizi moja?

Halafu wakafika kwenye kazi ya mwonjaji. Kwetu mgeni hapewi kinywaji mpaka mwenyeji akionje kwanza mbele ya macho yake. Ni heshima, na ni dhamana kwamba sumu haimo. Mgeni akikataa kunywa, posa imekufa papo hapo. Kazi wakampa Karangwa.

Karangwa ni mdogo wa mke wangu. Amekulia Tanzania na anazungumza Kiswahili kama anasoma taarifa ya habari. Hufunga tai hata akienda kununua mkaa. Wamempa yeye, na mimi nipo! Hapo ndipo wazo liliponijia.

Nikauliza kwa upole: Karangwa si mlokole? Si ana miaka kumi na miwili hajagusa pombe? Ataonjaje inkangaza, pombe ya ndizi yenye asali? Karangwa akasema atagusisha midomo tu. Nikauliza kwa upole zaidi: wazee wa Mudende wakimwona mwonjaji asiyemeza, watafikiri nini?

Wote wakanigeukia. Baba mwenyewe aonje! Heshima iliyoje!

Karangwa akasema, "Shemeji, kazi hii inamtaka mtu mwenye kiasi." Wivu huo.

Nyumbani Uwimbabazi akaniuliza kama walinikata na akili. Nikamfafanulia kwamba kuonja si kula. Daktari alikataza sukari, pombe, soda na nyama, ndiyo, lakini alikataza kula na kunywa. Kuhusu kuonja hakusema neno.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeamka na swali. Kwa nini mwonjaji aonje vinywaji tu?

Saa sita nikawa kwa Vénuste, ambaye ndiye atakayechoma Jumamosi. Nikamweleza kwamba siku hizi kwenye sherehe za wakubwa brosheti ya kwanza nayo huonjwa mbele ya wageni. Akauliza tangu lini. Nikamjibu ilianzia Kigali. Kilichoanzia Kigali hakina mpinzani. Akaahidi kuileta kwenye sinia, imefunikwa, ya mbuzi, yenye kitunguu, upande mmoja imeungua kidogo kama nipendavyo. Kusikia hayo tu nikalazimika kukaa.

Jioni mazoezi. Kibuyu chenye maji mbele ya kioo cha kabati: inua, onja, meza, tabasamu, pitisha. Uwimbabazi akaingia na kunikuta nalitabasamia kabati. Akatoka na kufunga mlango.

Daftari la Kigali: uji, vijiko vinne. Roho yangu iko wapi humo?

Alhamisi, 14 Agosti

Karangwa! Kaja na zawadi. Kikombe cha kuonjea, kidogo kuliko kidole gumba, eti kwa ajili ya usafi. Uwimbabazi akakisifu sana. Wamepanga, wale!

Nikashukuru kwa mikono miwili. Kikombe sasa kimo ndani ya chungu cha maua, chini ya udongo.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Misani nikaomba nguvu, bila kueleza za nini.

Mchana Akaliza akanikuta kibarazani peke yangu. Kabla ya upasuaji, mchana wa sikukuu kama huu tungekuwa na sahani moja ya sambaza kati yetu, vile visamaki vya Ziwa Kivu vilivyokaangwa vikavu. Tangu ana miaka sita tumekula hivyo, kila sikukuu na kila Jumapili, vidole vikigongana. Vilivyobaki chini ya sahani, vile vinavyolia mdomoni, alikuwa akinisogezea mimi na kujifanya ameshiba. Alidhani sijui.

Leo alikuja na bakuli la karoti zangu. Akakaa. Akaniomba kesho nilowanishe midomo tu, nisimeze. Akanikumbusha mwaka jana, sukari iliponilaza siku tisa na yeye ndiye aliyenishurutisha nikapasuliwe. Maneno yake ya siku ile akayarudia: "Papa, mi sitaki photo yako kwa ukuta. Nataka we mwenyewe kwa kiti."

Nikamwapia. Nilikuwa namaanisha, kabisa! Nilimtazama akikusanya bakuli, nikafikiri kwamba baada ya harusi atakula Mudende, na watu wengine, kwenye sahani nyingine. Navionea wivu hata viazi vya Mudende. Nimeumia leo kuliko siku ya kisu.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa kitandani.

Ilianza vizuri. Turubai mbili, wao upande huu, sisi ule. Akaliza ndani ya nyumba na mashangazi, maana binti hatolewi mpaka wageni wakubaliwe. Msemaji wao, Mzee Ndahiro, fimbo mkononi na kofia pana, alisema maneno matamu kuhusu ng'ombe wa mahari. Kibuyu kikaletwa. Karangwa akaniuliza kwa sauti ya chini kikombe kiko wapi. Nikamwambia kimevunjika.

Nikainua. Nilikusudia kulowanisha midomo, naapa mbele ya daftari hili. Lakini asali ilipogusa ulimi, koo lilifunguka lenyewe. Wiki tano! Funda la kwanza lilikuwa la wageni. La pili la furaha. La tatu na la nne sina maelezo yake. Wakapiga makofi. Wazee wa Mudende wakasema huyu baba hana hila.

Vikombe vikagawiwa. Wageni wakavishika, wakingoja msemaji wetu amalize salamu. Vénuste naye akatokea na sinia lake. Nilikuwa nimepanga kutafuna tu na kutemea leso. Watu mia mbili wananitazama! Utatemaje? Nikameza. Ilikuwa tamu hata nikafumba macho. Nikachukua kipande cha pili, maana mwenye njaa hana miiko.

Dakika kumi hazikupita. Kwanza jasho, kama nimemwagiwa ndoo. Kisha moyo ukaanza kukimbia bila mimi. Kisha tumbo likajikunja. Nikasimama ili niingie ndani kwa heshima. Nikaanguka kwenye majani, miguuni pa Mzee Ndahiro, nimeshika tumbo.

Mwonjaji kaonja, mwonjaji kaanguka! Vikombe vyote vya Mudende vikashuka chini kwa pamoja. Mama mmoja akamwaga chake kwenye maua. Shangazi yake Bruce akapiga kelele, "Wametutilia sumu!" na kuanza kukusanya vikapu walivyoleta. Mwingine akasema huyu baba amekonda hivi kwa mwezi mmoja, kumbe wanamlisha sumu kidogo kidogo. Madereva wakawasha magari. Bruce amesimama katikati, suti nyeupe, hajui aende upande gani. Na dirishani, kupitia pazia, niliuona uso wa binti yangu.

Nilitaka kusema. Kilichotoka mdomoni hakikuwa maneno, na kilifika kwenye viatu vya Mzee Ndahiro.

Ndipo Uwimbabazi akamnyang'anya msemaji wetu kipaza sauti. "Hakuna sumu! Bwana yangu walimupasua tumbo kwa sababu ya kula. Sumu yake ni mudomo yake!"

Kipaza sauti kizuri kile. Nadhani walisikia hadi mji jirani wa Nyundo.

Hawakuamini. Mke wangu hakubishana. Alinifunua shati mbele ya koo mbili, padri, na wateja wangu wa forodha. Mzee Ndahiro akavaa miwani. Akainama. Akahesabu makovu kwa ncha ya fimbo, moja moja, bila haraka.

"Matundu tano," akasema. "Sumu haitobolaka mutu."

Wakacheka baadhi. Lakini kikombe hakuna aliyekigusa. Magari bado yananguruma. Hapo Karangwa akaja mbele. Akalegeza tai. Akachukua kibuyu kilichonitoa jasho, akakiinua mbele ya wote, mbele ya mchungaji wake pia, na akanywa. Akameza. Miaka kumi na miwili! Kisha akasimama wima katikati ya uwanja, mikono nyuma, ili wamtazame. Wakamtazama robo saa nzima. Hakuanguka.

Mzee Ndahiro akanywa. Magari yakazimwa.

Mimi nilibebwa ndani. Posa ya binti yangu nimeisikia kupitia ukuta: vigelegele, nyimbo, halafu sahani. Vijiko vingi vikigonga sahani nyingi. Sijawahi kuwa mpweke namna ile. Baadaye Akaliza akaingia na mishanana yake ya dhahabu, vazi letu la sherehe, akakaa ukingoni mwa kitanda, hana hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alininywesha maji kwa kijiko. Nikamwomba msamaha. Akasema kiti changu kilikuwa kitupu tangu alipotolewa nje, na yeye alikuwa anakitazama.

Jumapili, 17 Agosti

Daktari kwa simu. Alipiga kelele dakika saba. Mshono umepona kwa bahati, siyo kwa akili yangu. Wiki mbili za vitu vya majimaji tena. Baada ya hapo kila kitu kisagwe, kila kitu, mpaka atakaponiona.

Mji mzima unajua. Sokoni wameniita Matundu Tano. Karangwa ameombewa kanisani, na amesamehewa kabla ya nyimbo kwisha. Alipita kunijulia hali. Nikamwambia asante, na neno lenyewe lilitoka kwa shida kuliko brosheti ilivyotoka. Akanijibu kwamba Akaliza ni mtoto wake pia. Ni kweli, na inaudhi.

Nimemwapia Uwimbabazi: sitaonja tena kitu chochote katika sherehe yoyote. Daftari la Kigali, kwa mara ya kwanza, linafanana na hili.

Jumatano, 20 Agosti

Siku tatu za mchuzi mwembamba. Nimetulia. Nimekomaa. Nimekaa na makosa yangu, nikayachambua kama mtu mzima, na nimeyaona yote. Nilikunywa kabla ya kula. Nilifanya mbele za watu. Na nyama ilikuwa vipande.

Nimerudia sana maneno ya daktari. Kila kitu kisagwe. Alisema kila kitu, mara mbili, wala hakumtenga mbuzi. Mbuzi wa kuchoma, akipondwa vizuri, akaongezewa mchuzi wake, akapondwa tena, ni supu. Supu nzito, lakini supu. Kuhusu zile wiki mbili, mtu aliyepona haraka hana haja ya kuzimaliza zote.

Leo adhuhuri nimenunua kinu. Kipya, cha mti mgumu, na mchi wake. Kipo ofisini chini ya karatasi za forodha. Nimekwisha kuongea na Vénuste. Jumapili, Uwimbabazi akiwa misa ya pili, yeye atachoma na mimi nitatwanga, nyuma ya banda lake, ambako hakuna mtu wa kuhangaika kwa ajili yangu.

Nimemwagiza aweke bakuli moja na vijiko viwili. Akaliza bado hajui kwamba amealikwa.