Maksi Zangu za Hofu

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimeanza daftari hili kwa amri ya hospitali. Si hiari yangu. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili napewa daftari na penseli kama naanza darasa la kwanza!

Aliyenipa ni Bi Marselina, mtaalamu wa tiba kwa vitendo pale Nachingwea. Wenzake wanatibu kwa sindano, yeye anamtibu mtu kwa kumrudisha kwenye kazi yake. Binti wa Sumbawanga, umri sawa na mwanangu Mwamina, lakini akikutazama unajikuta umevua kofia. Mkono wangu wa kulia uliungua mwaka jana, pampu ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa iliposhika moto mgongoni. Kidonda kimepona. Vidole navyo vinakunja, maana Bi Marselina kanikandisha unga wa muhogo miezi mitatu mpaka Mwanabibi, mke wangu, akasema nimefaa kuolewa. Kasoro ni moja. Pampu ikinguruma hata nyumba ya tano, mimi nakimbia. Ndiyo hivyo. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Na mikorosho inachanua! Isipopulizwa sasa, ubwiriunga utayapaka maua unga mweupe na mwaka wetu umekwisha. Mwanabibi katoa tarehe. Nisipopuliza hadi Jumamosi ya tarehe 28, shamba anampa kaka yake Uwesu, na nusu ya mavuno iwe yake. Uwesu! Mimi ndiye niliyemfundisha hata kuvaa pampu!

Bi Marselina anasema hofu inaanzia kwenye wazo, na wazo linaweza kuulizwa maswali. Kanichorea ngazi. Kwanza kuitazama pampu, halafu kuigusa, kuivaa, kuvuta kamba bila mafuta, kuiwasha, na mwisho kupuliza mti mmoja. Kila ngazi niandike nilichowaza, ushahidi wake, na hofu ni ngapi kati ya kumi. Akauliza, leo je, ni ngapi? Nikajibu kumi, kwa sauti, nikingoja pongezi. Mimi si mtu wa maksi ndogo.

Nje kwenye benchi nikamkuta Mwalimu Jonasi, mstaafu kutoka Malolo kule Ruangwa. Alipooza upande mmoja, sasa anatembea lakini anaogopa kutembea peke yake. Alisema alianza na nane, leo ana nne. Nilimhurumia sana. Nikamwambia asikate tamaa, akikaza atafika hata sita.

Jumanne, 17 Juni

Aibu gani hii! Mwanabibi kanieleza, huku akijishika mbavu, kwamba maksi ndogo ndiyo nzuri. Kumbe mimi ndiye wa mwisho darasani, na nilimfariji aliyeniacha mbali!

Nimeitazama pampu. Ipo stoo, chini ya gunia, tangu fundi aikarabati. Niliitazama kupitia tundu la ufunguo, mlango ukiwa umefungwa. Nikatoka jasho jembamba. Wazo: itanilipukia. Ushahidi: sina muda wa ushahidi. Hofu: tisa.

Swali linaloniumiza ni hili. Mwalimu ameshukaje kutoka nane hadi nne? Kuna siri pale, na mimi nitaipata.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda Malolo. Mwanabibi nilimwambia nakwenda kuangalia bei ya ufuta. Abdalah wa bodaboda alinibeba, akaniuliza njia nzima kwa nini mkulima wa Lionja aangalie bei ya ufuta Ruangwa. Vijana wa siku hizi hawana adabu.

Nilijificha nyuma ya ua wa jirani. Saa tatu Mwalimu akatoka na fimbo, peke yake. Duka lipo umbali wa kutupa jiwe. Alitumia karibu nusu saa. Alisimama, akapumua taratibu, akasonga. Mguu ulimtetemeka, na huku nyuma ya ua wa kwangu nao ukatetemeka. Alipofika akanunua kiberiti kimoja, akakaa kwenye kreti la soda, akaandika. Halafu, bila kugeuka, akaniita kwa jina nitoke kwenye upupu.

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye upupu! Nilijikuna mpaka nikaomba maji.

Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha daftari lake bila choyo. Amekwenda dukani mara kumi na tisa. Ana viberiti vya kuuza. Anasema siku ya kwanza aliwaza ataanguka na watu watamcheka. Akaanguka kweli, mbele ya mashine ya kusaga, na waliokuwepo wakamwinua na kumpa kiti. Akaandika hivyo kwenye ushahidi. Sikuwahi kumwona mzee jasiri kiasi kile, nasema kweli.

Lakini siri nimeiona. Anaandika kwa kalamu nyekundu! Nimenunua mbili.

Jumamosi, 21 Juni

Nimejaza ngazi tano kwa kikao kimoja, kitandani, kwa wino mwekundu. Kutazama, sifuri. Kugusa, sifuri. Kuvaa, sifuri. Kuvuta kamba, sifuri. Kuwasha, sifuri. Mwalimu Jonasi, kwaheri ya kuonana!

Uwesu alipita jioni kuhesabu mikorosho yangu kwa kidole. Eti anakadiria salfa. Nilimkaribisha maji, nikamwombea moyoni mambo ambayo siandiki.

Jumatatu, 23 Juni

Nimekwisha!

Bi Marselina alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, akasema anafurahi kuona sifuri tano. Kisha akafungua kabati. Akatoa pampu! Pampu nzima, kaiazima kwa mkulima, haina tone la mafuta. Akaomba nimwonyeshe tu nilivyovuta kamba.

Sikumbuki nilivyotoka. Nilipopata fahamu nilikuwa nimekaa kwenye kliniki ya watoto, katikati ya kina mama, na mmoja alikuwa keshanipa mtoto wake nimshikie wakati anatafuta kadi. Mtoto akanikojolea. Nesi akauliza wangu ana kilo ngapi.

Bi Marselina alinifuata. Hakucheka! Kina mama wote walikwisha kucheka, yeye peke yake hakucheka. Alikaa kando yangu, akasubiri pumzi yangu irudi, akaniuliza niliwaza nini pale pampu ilipotoka kabatini. Nikasema itanilipukia. Akauliza nimewasha pampu mara ngapi maishani. Nikapiga hesabu, misimu kumi na nne, nikasema haiwezi kukosa elfu moja. Akauliza zilizolipuka. Moja. Akauliza ile moja ilikuwa na nini ambacho zile nyingine hazikuwa nacho.

Hapo akanipata. Maana najua. Kifuniko cha tenki la mafuta kilipotea, na mimi nikaona ujanja ni kuziba kwa mfuko wa nailoni na mpira. Kijiji kizima nimekiambia pampu ilikuwa mbovu. Mwanabibi nilimwambia ni husuda ya watu. Mwaka mzima nimetembea na uongo huo, na leo nimemwambia binti wa watu nikiwa na mtoto wa mwenzangu mapajani.

Hakunikaripia. Alisema huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote niliowahi kuleta, kwa sababu kifuniko kinanunulika. Kuhusu zile sifuri alisema yeye hazimdhuru, ila zimenifanya niruke ngazi tatu na kuangukia ya nne. Kumi ya kweli ina faida kwake, alisema, kwa sababu anajua aniweke wapi.

Huyu mtu ana akili! Ningekuwa na uwezo ningemfanya waziri wa kitu chochote.

Jumatano, 25 Juni

Nilianza vizuri. Nimeishika pampu kwa mkono wa kulia, hofu saba, ya kweli. Nimeivaa, nane, ikashuka sita nilipozunguka nayo uani mara kumi. Nimevuta kamba bila mafuta, nane, halafu saba, halafu saba tena. Kifuniko kipya nimekifunga mwenyewe.

Lakini zimebaki siku tatu, na ngazi ya kuwasha ipo mbele yangu. Nikapata wazo. Lilikuwa zuri, nalitetea mpaka sasa. Nikampanga Abdalah aje na bodaboda nyuma ya shamba, apige resi kwa saa nzima, na mimi nirushe unga wa muhogo juu ya miti ya mbele. Mwanabibi asikie mngurumo, aone vumbi, aridhike.

Mwanabibi alikuja na chai! Miaka ishirini na saba ya ndoa hajawahi kuniletea chai shambani, leo kaniletea. Kanikuta nimekaa chini na beseni, mweupe mpaka kope, na Abdalah juu ya pikipiki anaimba.

Hakugomba. Ningeomba agombe. Alikaa kwenye kisiki, akasema hamtaki Uwesu shambani. Hamtaki hata kidogo. Alisema amenipa tarehe kwa sababu anamtaka mume wake arudi kazini, na amechoka kulala na mtu anayeshtuka jirani akiwasha redio. Alilia. Nikamweleza habari ya nailoni, yote. Akasema alijua tangu siku ile, alikuta mpira wenyewe umeyeyuka kwenye shati langu.

Kisha akachukua simu yangu akampigia Bi Marselina.

Jumamosi, 28 Juni

Bi Marselina alifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla upepo haujaamka, maana salfa haipulizwi kwenye upepo. Kutoka Nachingwea mpaka Lionja kwa bodaboda, kwenye baridi ile ya Juni! Buti za mvua, barakoa, khanga kichwani. Uwesu naye alikuwepo na pampu yake, anangoja nishindwe.

Nikaivaa pampu. Bi Marselina akauliza ngapi. Nilitaka kusema mbili, Uwesu alikuwa anasikia. Nikasema tisa.

Akasema basi leo tutapuliza na tisa. Hivyo tu! Mimi nilidhani lazima hofu iondoke kwanza ndipo kazi ianze. Yeye anasema kazi ianze, hofu itafuata nyuma kwa muda wake.

Mvuto wa kwanza, kimya. Wa pili, ikanguruma. Roho ikaniruka, miguu ikageukia nyumbani. Alinikumbusha kwa sauti ya chini nitazame kifuniko. Nikakitazama. Kimefunga. Nikatoa pumzi, nikahesabu nne, nikavuta, nikahesabu nne. Nikaelekeza bomba juu ya mkorosho wa kwanza, na vumbi la njano likapanda mpaka kileleni.

Mti wa pili, nane. Wa tano, nane bado. Wa kumi na mbili, sita. Miti thelathini na minne! Mtu aliyekuwa ananimiminia salfa kila ilipokwisha, na aliyeipigia makofi miti ya mwisho, alikuwa Uwesu. Alisema kwa mkono huu wa kuungua bado nampita. Nilimkumbatia shemeji yangu, nikamchafua. Mwanabibi alisimama mlangoni na sufuria ya uji, machozi yanamtoka. Na mimi nililia. Nilisingizia salfa.

Hofu ya mwisho: nne. Sawa na Mwalimu Jonasi.

Jumapili, 29 Juni

Bi Marselina kapiga simu kuniuliza nimelalaje. Nani mwingine wa hospitali anapiga simu Jumapili? Mungu amweke. Akasisitiza nisiiache pampu. Niiwashe kila siku japo dakika mbili, mpaka raundi ya pili baada ya majuma mawili, kwa kuwa hofu ikipewa likizo inarudi na nguvu. Na niandike baada ya kufanya, si kabla. Nilikubali yote kwa heshima kubwa.

Sasa nimekaa nafikiri. Nne ni nzuri, lakini ni sare. Mwalimu Jonasi keshokutwa anaweza kuwa na tatu. Na kuwasha pampu kila siku kwa mtu aliyekwisha kupona ni kumaliza mafuta bure. Pampu nimeirudisha stoo. Nimeweka gunia juu yake, kwa ajili ya vumbi. Ile kalamu nyekundu ya pili bado imejaa wino.

Jumamosi, 12 Julai

(Naandika leo hii tarehe 29 Juni, kuokoa muda.)

Raundi ya pili imekwenda vizuri ajabu! Pampu imewaka kwa mvuto mmoja. Miti yote thelathini na minne kabla ya chai. Bi Marselina aliposoma alishangaa, akasema hajapata kuona mgonjwa wa aina yangu. Mwanabibi kafurahi sana. Mwalimu Jonasi kakubali kushindwa. Hofu: sifuri. Ushahidi: upo humu daftarini.