Paja la Sinia la Bwana Harusi

Jumatano, 2 Agosti 1972
Mantiki, hapa Tabora, ilianzia ukoo wetu. Babu yangu alipanga misafara ya pembe, wapagazi elfu hadi Bagamoyo, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake kisigino. Akili hiyo nikairithi mimi, ikamfikia Zeyana, binti wa dada yangu, mhadhiri wa Chuo Kikuu Dar es Salaam. Kaja likizo. Utafiti wake ni kuifundisha kompyuta kutegua mambo yenye masharti yanayogongana. Nikamwambia kazi hiyo mimi naifanya bila umeme. Akacheka. Jumamosi Nunu, binti wa marehemu kaka yangu, anaolewa na Darwesh, na baba wa kumwozesha ni mimi. Zeyana kanitega: niwapange wanaume kwenye masinia ya pilau. Pasipotokea aibu, ataandika jina langu kwenye makala yake inayokwenda Ulaya. Profesa Mabruki! Darasa la tano lilinitosha.

Alhamisi, 3 Agosti
Lugembe wa Igunga hali na Shomari, waligombania ndama. Abasi wa reli ni Mzaramo, mtani wetu Wanyamwezi: atatupokonya nyama mdomoni na kukasirika ni mwiko. Huyo nimemweka na Waarabu wa sokoni, wasio na utani naye. Zeyana akashauri nianze na mtu mwenye masharti mengi kuliko wote, wengine watafuata. Nikamjibu nimeshaanza na mtu mkubwa kuliko wote. Mimi. Sinia la bwana harusi, lenye paja zima la mbuzi. Akaniuliza, "Mjomba, una hakika?" Wasomi wana wivu.

Jumamosi, 5 Agosti
Mwanzo, fahari tupu. Lugembe kule, Shomari huku, Abasi kati ya Waarabu, mpole kama kafungwa kamba. Nikanawa, nikaketi penye paja. Darwesh akaniona. Akajifunika uso kwa kilemba, akasimama. Wenzake wakasimama. Mkwe hali sinia moja na mkwewe, hata mbuzi wa Unyanyembe wanajua. Nilimkagua kila mtu ila mimi. Kimya. Dada Kuluthumu akauliza kutoka ua wa wanawake nani kafa. Abasi akapata mwanya: "Mtani, binti umeshamwoza, sasa unamfuata bwana harusi mpaka kwenye sinia?" Watu hoi kwa kicheko. Darwesh akarudi kuketi, mimi nikaondoka. Masinia mengine yalijaa. Niliyajaza mwenyewe, kwa ustadi.

Jumapili, 6 Agosti
Zeyana kaondoka na treni. Stesheni kaniambia jina langu ataliandika kweli: mfano wa mpangaji aliyesahau kujihesabu. Mfano! Maprofesa wangapi wamekufa bila kuwa mfano? Mwezi ujao kuna harusi Igalula, na nimejitolea kupanga. Nimeshaanza: mimi kwanza, karibu na paja.
Ukweli mmoja, nao ubaki humu. Jana nilikula na watoto nyuma ya jiko, wakaninyima hata ukoko.