Majani Ndani ya Kengele

Jumatatu, 14 Julai 2025. Kasongo.

Nimekwisha. Shemeji Alimasi amepiga simu kutoka Wamaza. Jumamosi anawapeleka watoto wangu porini kwa mara ya kwanza, kuwinda na mbwa. Darlène ana miaka tisa, Dady sita. Nami lazima niwepo. Katika ukoo wa mke wangu Marcelline, mjomba ndiye anayefundisha kuwinda, lakini siku ya kwanza baba mzazi ndiye anayemfunga mbwa kengele. Shingoni. Kwa mikono yake mwenyewe. Shingo ya mbwa iko karibu sana na mdomo wa mbwa. Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa na halibadiliki.

Naandika hapa kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu: naogopa mbwa. Tangu nikiwa na miaka minane. Alama iliyo kwenye mguu wangu wa kushoto ni meno ya mbwa wa katekista, siku nilipokata muwa wake bila ruhusa. Watoto niliwaambia ni nguruwe pori. Dume. Eti nilimuua kwa mkuki. Kila mwaka nguruwe huyo anaongezeka uzito. Darlène amesimulia hadithi hiyo shule nzima, na jirani yetu Mama Nadine ameisimulia avenyu nzima, mtaa wetu wote, maana mama huyo hana breki.

Marcelline alisikia simu yote. Alicheka jikoni, peke yake, kwa muda mrefu.

Jumanne, 15 Julai.

Mpango wa kwanza: malaria. Nimekaa juani karibu na ukuta wa bati saa nzima, nikaingia kitandani na mablanketi mawili, nikatetemeka vizuri. Marcelline hakubishana. Alimwita muuguzi. Nikachomwa kidole, kipimo kikaonyesha hakuna kitu. Muuguzi akasema labda ni uchovu. Marcelline akasema labda ni mbwa.

Aliyeniumiza ni Darlène. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono. Alisema polepole kwamba si neno, mjomba anaweza kufunga kengele mwenyewe na hakuna atakayenicheka. Mtoto wa miaka tisa ananihurumia! Mimi, muuaji wa nguruwe! Nikatupa mablanketi, nikatangaza nimepona, nikatangaza nitafunga kengele na mbwa atashukuru.

Ningebaki mgonjwa.

Alhamisi, 17 Julai.

Mazoezi. Kengele sina, ila nina kopo la maziwa lenye misumari miwili ndani. Mbwa sina, namshukuru Mungu, ila nina Dady. Nikamwambia apige magoti awe mbwa. Alikubali haraka mno. Mara mbili nilifunga vizuri. Mara ya tatu aliamua kuwa mbwa wa kweli, akaniuma kidole gumba. Nilipiga ukelele ambao mwanamume hapaswi kupiga. Wateja wawili waliokuwa wananisubiri niwatengenezee simu wakakumbuka wana safari. Mama Nadine akachungulia juu ya ua akauliza nani amefariki.

Darlène alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Aliitazama mikono yangu, akanitazama usoni, kisha akaingia ndani. Sipendi mtoto anayetazama kiasi hicho.

Jana niliota shingo. Shingo tupu, haina hata mbwa, na bado nilikimbia.

Ijumaa, 18 Julai. Wamaza.

Pikipiki moja: Dady mbele kwenye tangi, dereva, Darlène, mimi, na begi. Vumbi mpaka ndani ya masikio. Njia nzima nilimwomba Mungu pikipiki iharibike. Haikuharibika. Barabara hii pikipiki zinakufa kila siku, leo imekataa!

Alimasi ana mbwa mmoja wa kuwinda, jike, jina lake Sinandugu. Mwembamba, mwekundu, mkia umejikunja. Nilitegemea angebweka ili nijue aliko. Habweki. Mbwa wa huku hawabweki. Nilikuwa nakunywa maji nikahisi pua baridi nyuma ya goti, maji yote yakaingia ndani ya shati. Alimasi akasema Sinandugu amenipenda. Dady alikuwa ameshalala naye kwenye mkeka.

Jioni shemeji aliwafundisha watoto. Nakiri anajua kufundisha, jambo linaloniudhi. Siku ya kwanza hawapewi mkuki wala panga, ni masikio tu. Kwa kuwa mbwa habweki, anavishwa kengele ya mti yenye vijiti ndani. Wakati wa kwenda, kengele inashindiliwa majani ili inyamaze, wanyama wasitoroke mapema. Mkifika mawindoni majani yanatolewa yote, kengele inalia ko-ko-ko, nanyi mnajua mbwa yuko wapi. Kisha akawaonyesha upande wa kijito. Huko kuna mashimo ya zamani ya wachimba dhahabu, marefu, nyasi zimeyafunika. Sinandugu anayajua yote. Mtoto hayajui. Akawakazia macho.

"Kengele ikinyamaza, mutoto anasimama," akasema. "Haendi mbele, harudi nyuma."

Watoto wakarudia mara tatu. Nami nikarudia moyoni.

Jumamosi, 19 Julai. Bado Wamaza.

Naandika kabla sijabadilisha mawazo.

Alfajiri tulifika kwenye nyasi ndefu, watoto nyuma ya mjomba wao, mimi nyuma ya watoto, mbwa popote alipotaka. Alimasi akanikabidhi kengele nimfunge Sinandugu, nitoe na majani. Hapo nikapata wazo. Nikasema sisi ni Wakristo, kazi ianze na sala, na kwenye sala macho yanafumbwa. Wakafumba. Niliomba kwa ajili ya mavuno, shule, wagonjwa, na barabara ya Kasongo. Alimasi alisema amina mara mbili, nikaendelea. Wakati huo mikono yangu ilikuwa inafunga. Na nilifunga! Yalibaki majani. Yameshindiliwa ndani kabisa, na ili uyatoe lazima upitishe vidole chini ya taya. Sinandugu akapiga mwayo. Nikayaona meno yote, mpaka ya nyuma. Nikatoa jani moja la juu, nikasema amina, tayari.

Akaachiliwa. Akaingia nyasini. Kimya.

Alimasi akainua kidole tusikilize. Kimya. Akakunja uso, akasema labda amesimama ananusa. Nilikuwa na nafasi ya kusema: shemeji, majani yamo bado, mwite arudi. Maneno machache tu. Nikayameza, kwa sababu Dady alikuwa ananitazama kama mtu aliyefunga simba. Mbwa alikuwa anazunguka huko ndani bila sauti, na ni mimi peke yangu niliyejua sababu. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Nilipogeuka kushoto, Darlène hakuwepo. Kandambili zake zilikuwa chini, zimepangwa vizuri, na mbele yake nyasi zimeachana kidogo. Upande wa kijito.

Alimasi alisema nisimame, aende yeye anayepajua. Sikusimama. Nilimsahau mbwa, nilimsahau nyoka, niliisahau kanuni aliyoirudia hata Dady. Nilikimbia nikiita jina la mwanangu, nyasi zinanikata uso, na hakuna aliyejibu. Kimya kile nitakisikia mpaka uzeeni. Kila hatua niliyopiga niliona shimo, na ndani ya shimo nilimwona yeye. Nikaanza kumwahidi Mungu. Kwamba nitasema ukweli wote, nguruwe, alama, majani, nitausema kanisani mbele ya watu. Sikumaliza ahadi. Nikaingia shimoni.

Lilikuwa limefukiwa nusu, likanifika kifuani. Goti la kulia limechunika vibaya, kiatu kimoja kimebaki huko. Nimekwama, mikono juu. Ndipo nikasikia ko-ko-ko. Inakuja. Nikamshukuru Mungu, kisha nikaelewa ni nini kinachokuja. Sinandugu akatokeza kichwa ukingoni, akanitazama, akanilamba uso wote, taratibu, kama anayeosha sahani. Sikuwa na pa kukimbilia. Nyuma yake nikaona miguu ya Darlène, mitupu, mizima.

"Baba, usitembee," akasema. "Pale mbele iko shimo ingine, murefu."

Mkononi alikuwa ameshika majani.

Nililia. Basi, nimeandika. Alimasi alipofika na kamba nilisema ni vumbi. Akauliza imekuwaje kengele ikanyamaza. Kabla sijafungua mdomo, Darlène akajibu kwamba iliokota majani vichakani. Alimasi akamtazama, akanitazama mimi, akanivuta juu. Kengele haiokoti majani, na hakuna anayelijua hilo kuliko yeye.

Njiani Darlène alinieleza kwa sauti ya chini. Alifumbua jicho moja katikati ya sala, nilipofika kwenye barabara ya Kasongo. Aliona nilichofanya. Hakutaka mjomba anicheke, ndiyo maana akaenda kumtafuta mbwa ayatoe mwenyewe. Nilimkaripia sana kwa kuvunja kanuni, huku nachechemea na kiatu kimoja. Kisha nikamshika mkono mpaka tukatoka nyasini, hadi akalalamika kwamba namuumiza.

Baadaye, mimi nikiwa nimekalishwa mbali, Sinandugu alikamata simbiliki mmoja, panya mnene wa nyasi. Dady ndiye aliyeisikia kengele kwanza. Alimasi amemsifu. Mimi hakunisifu.

Jumapili, 20 Julai. Kasongo.

Ahadi ya shimoni naikumbuka. Lakini kanisa lilijaa leo, mahubiri yalikuwa marefu, na sikutaka kuwachosha watu. Mungu anajua foleni.

Nje ya kanisa Mama Nadine akaliona goti langu. Akauliza kwa sauti ya kuita umati, na umati ukaja. Darlène akanivuta shati, akaninong'oneza:

"Baba, tuseme simbiliki. Watu wataamini."

Simbiliki! Goti la namna hii! Nikasema chui. Chui jike, alikuwa anamnyemelea mwanangu, nikamrukia, tukaanguka wote wawili shimoni, nikamkaba shingo. Marcelline alishikwa na kikohozi. Darlène alifumba macho, safari hii yote mawili.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu leo kimeenda kicheko, lakini cha heshima.

Mchana Mama Nadine amekuja na wazazi wa avenyu. Wamekubaliana. Kabla shule hazijafunguliwa, watoto wao wote, kumi na mmoja, niwapeleke mimi mawindoni, maana mtu aliyemkaba chui hahitaji shemeji. Na ili nisipate shida ya mbwa, Mama Nadine ataniletea kesho mbwa wa dada yake wa Lusangi, dume, mkali kuliko wote, akae hapa kwangu tuzoeane. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Wazazi wote walikuwa wananitazama. Nikasikia sauti yangu inauliza kama dada yake hana mbwa wa pili.

Anaye. Wanakuja wote wawili.

Saa hizi nimehamishia kiti juani, karibu na bati. Darlène amekuja bila kuulizwa, amebeba mablanketi. Nadhani homa inaanza.