Seneta Akimbia Uchi kwa Faida ya Umma

Kwa furaha isiyo kifani, Kamati ya Kuenzi Mbio za Mbwa-mwitu iliutangazia umma wa Rumi kwamba, kama kawaida, katikati ya Februari wanaume watakimbia uchi wakiwachapa wanawake kwa ngozi ya mbuzi ili wapate watoto.

Mimi ni karani wa kamati hiyo. Askofu alilalamika kwamba huo ni upagani. Mwenyekiti wetu, Seneta Simplicius, Mkristo aliyebatizwa mara mbili kwa uhakika zaidi, alichunguza akakuta si upagani, ni urithi.

Wakimbiaji tuliwateua mitaani, miongoni mwa wananchi wasio na namna ya kukataa. Mmojawao alikuwa Ursus, mfinyanzi, aliyekuwa anaoa siku hiyohiyo. Mchumba wake Turtura, muuza samaki, akaja ofisini na wenzake wa sokoni.

“Mheshimiwa, bwana harusi wangu aje kanisani uchi?”

“Binti, harusi itasubiri. Tusipokimbia kama mababu, tauni itatumaliza.”

“Kama mababu kabisa?”

“Bila kupunguza hata nukta!”

“Na hao mababu, nani alikuwa anakimbia?”

“Karani, msomee.”

Nikafungua kanuni, nikasoma kwa sauti safi: “Watakimbia maseneta, akitangulia mwenye cheo kikubwa.”

Wajumbe wakaanza kukagua viatu vyao.

“Haya, mzee,” akasema Turtura, “vua.”

Akaahirisha harusi kwa siku moja, hakutaka kukosa kuziona mbio hizo.

Zoezi lilifanyika kwa mafanikio makubwa. Mwenyekiti aliuzunguka mlima Palatino, tumbo likimtangulia, midomo ya buluu kwa baridi. Aliomba joho, tukapekua kanuni, halimo. Wanawake wa sokoni walijipanga njiani wakimpigia kelele:

“Chapa vizuri, babu, mimi nataka mapacha!”

“Kaza mwendo, tauni hiyo nyuma yako!”

Kesho yake asubuhi kamati ilikutana kwa dharura, ikabaini kwamba mbio zile ni upagani mtupu. Badala yake, siku hizo akumbukwe Mtakatifu Valentino, shahidi ambaye, wanasema, alikuwa akiwafungisha wapendanao ndoa kwa siri. Tulipata majalada ya Valentino watatu. Hatukujua yupi ndiye, tukawapitisha wote.

Wino haujakauka, Turtura akaleta mwaliko wa harusi, jioni ileile.

“Wanawake wa sokoni watakuwepo?” akauliza Mwenyekiti.

“Wote, mheshimiwa. Wamekuulizia.”

Akaniteua nimwakilishe.